Nguo 15 Zinazoelewana: Mwongozo Kamili kwa Mtu wa Mwanza

Wiki ya mwisho ya likizo ya shule, mama mmoja mwalimu alikuja kwenye ofisi yangu ya ushonaji huku Nyakato, shangazi kaja mkononi. Alitaka nimshonee nguo mbili za kazini. "Fundi, sina cha kuvaa," alisema. Nikamwomba amwage mzigo wote juu ya meza ya kukatia, tukahesabu pamoja: nguo 41. Sare za sherehe peke yake zilikuwa 11. Sketi zilikuwa 7, na kila moja ilikuwa na blauzi yake isiyokubali kukaa na sketi nyingine. Mama hakuwa anadanganya. Alikuwa na nguo 41 ambazo hazielewani, na asubuhi ukiwa na haraka ya daladala, nguo zisizoelewana ni sawa na kutokuwa nazo.

Tangu siku hiyo kila anayekuja kwangu na kilio hicho namwambia asinunue kitambaa kwanza. Tufuate njia hii, hatua kwa hatua. Nimeiandika kama ninavyowaeleza wateja wangu, wengi wao wanawake, lakini kaka zetu nao wana sehemu yao humu.

Hatua ya 1: Toa kila kitu

Chagua siku ambayo huna wageni. Toa kila nguo, hata zile za kwenye begi chini ya kitanda na zilizoko kwa dobi. Gawa mafungu manne: ninazovaa kila wiki, zinazonitosha ila sizivai, zinazohitaji fundi, na zisizonitosha tena.

Fungu la nne ligawe siku hiyohiyo. Nguo unayoitunza kwa sababu "nikipungua nitaivaa" inakula nafasi, na kila ukifungua kabati inakusema. Mpe mdogo wako aivae leo.

Fungu la pili ndilo la kukaa nalo. Shika nguo moja moja, ujiulize kwa nini huivai, na jibu uliandike kwenye daftari. Utakuta majibu ni yaleyale: haina mwenza, inanibana mahali, au haina shughuli ya kwenda. Isiyo na mwenza inatibika. Inayobana mara nyingi inatibika pia, kama fundi aliyeishona aliacha akiba ya kitambaa kwenye mshono. Isiyo na shughuli haitibiki, iende.

Hatua ya 2: Andika wiki yako na njia unazopita

Andika Jumatatu hadi Jumapili: unakwenda wapi, unasafiri kwa nini, unafanya nini ukifika. Mtu wa ofisini anayetoka Buhongwa hadi mjini siku tano anahitaji nguo nyingi za kazi na chache za matembezi. Mama anayeuza dagaa Mwaloni Kirumba anahitaji nguo za kazi zinazostahimili kufuliwa kila siku, na seti mbili tatu safi zisizogusana na zile. Watu wengi hununua nguo za Jumapili kwa ajili ya wiki yenye Jumatatu tano, ndiyo maana kabati linajaa na bado hawana cha kuvaa.

Kisha fikiria mji wenyewe. Mwanza iko mita 1,140 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo joto la mchana halilowanishi shati kama Dar es Salaam, lakini asubuhi na jioni upepo wa ziwani una baridi yake. Aliyewahi kusimama kwenye kivuko cha Kamanga saa 12 asubuhi anajua. Vuli inanyesha Oktoba hadi Desemba, masika Machi hadi Mei, na katikati, Juni hadi Agosti, ni vumbi. Huhitaji koti zito hata moja. Unahitaji nguo nyepesi zinazovalika moja juu ya nyingine, uvue moja jua likipanda.

Na kuna bodaboda. Nguo yoyote ya chini ambayo huwezi kupandia bodaboda bila kuishikilia kwa mikono miwili, huku Mwanza ni nguo ya picha tu. Vilevile viatu: wanaoshuka kila asubuhi kwenye mawe ya Igogo au Mabatini wachague soli pana yenye meno, visigino virefu wabebe mfukoni.

Hatua ya 3: Chagua rangi kabla ya kuchagua nguo

Hapa ndipo kabati linapopona. Chagua rangi mbili za msingi, moja nyepesi, na mbili za kuchangamsha. Basi. Rangi za msingi ni zile za suruali, sketi, koti, viatu na mkoba. Nyepesi ni ya mashati na blauzi. Za kuchangamsha zinaingia kwa kitenge, mtandio, hereni.

Watu wengi hukimbilia nyeusi kuwa rangi ya msingi. Mimi huwashauri bluu iliyokolea. Nyeusi inaonyesha vumbi la kiangazi kabla hujafika kituoni, na ikifuliwa na kuanikwa juani inapauka ikawa na wekundu fulani usiofanana na nyeusi nyingine yoyote uliyonayo. Bluu iliyokolea inaficha zaidi, na inakaa na kila ngozi. Ya pili chukua kaki au rangi ya ugoro. Nyepesi chukua nyeupe ya maziwa badala ya nyeupe kabisa, hasa kama maji unayofulia ni ya kisima. Za kuchangamsha ni za kwako: damu ya mzee, haradali, kijani cha jani la mgomba, yoyote inayofanya watu wakuulize kama umepumzika vizuri.

Ukishindwa kuchagua, acha kitenge kikuchagulie. Kile unachokipenda kuliko vyote kitandaze mwangani ukiorodheshe rangi zake. Waliokichapa walishazipatanisha. Ukiona ndani yake bluu, ugoro na haradali, hizo ndizo rangi za kabati lako.

Hatua ya 4: Orodha na hesabu yake

Hii ndiyo orodha ninayowapa wanaofanya kazi za ofisini, shuleni au dukani:

- Nguo 4 za chini: suruali ya kitambaa ya bluu iliyokolea, sketi ya ugoro inayovuka goti, jinzi iliyokolea isiyochanika, sketi ya kitenge.
- Nguo 6 za juu: shati jeupe la maziwa, shati la samawati, blauzi ya damu ya mzee, tisheti nzito isiyo na maandishi, blauzi laini ya kutokea, blauzi ya kitenge kilekile cha sketi.
- Nguo 2 za kufunika: blezaa ya bluu na kadigani nyepesi.
- Magauni 2: moja la rangi moja, lisilo na mapambo, na dera zuri la nyumbani na sokoni.
- Mtandio 1 mkubwa.

Jumla 15. Sasa piga hesabu. Za juu 6 mara za chini 4 ni mavazi 24. Kila moja unaweza kulivaa hivyohivyo, au na blezaa, au na kadigani: 24 mara 3 ni 72. Tuseme nusu yake hukuyapenda. Yamebaki 36, kabla hujagusa magauni, na hujarudia vazi kwa wiki saba za kazi.

Hesabu hiyo inasimama juu ya sharti moja: kila nguo ya juu ikubali angalau nguo 3 za chini. Inayokubali moja tu ni mgeni. Unaruhusiwa mgeni mmoja au wawili, unawapenda, sawa. Mama mwalimu alikuwa nao 30.

Wanaovaa baibui au hijabu, mtandio ndio ubebe rangi: mitandio 5 juu ya magauni 3 ya rangi moja ni mavazi 15. Kaka zetu kazi yao ni rahisi: suruali 3 (bluu, kaki, jinzi), mashati 5 na fulana moja ya kola, tayari ni 18. Shati moja kati ya hayo liwe la kitenge cha rangi tulivu. Mkanda na viatu viwe vya rangi moja, ugoro vikiwezekana, maana vinakaa na suruali zote tatu.

Hatua ya 5: Sare za sherehe

Nakaa hapa muda mrefu kwa sababu hapa ndipo fedha za wanawake wa Kanda ya Ziwa zinapozama. Send-off ina kitenge chake, kitchen party chake, harusi chake, kipaimara chake. Kamati inachagua, unalipia, unashona gauni kubwa lenye mabega, unavaa siku moja, unapiga picha. Halafu huwezi kulivaa tena, kwa sababu wote mlioalikwa mnalo na lenyewe linapiga kelele.

Kukataa sare ya harusi ya mtoto wa dada yako haiwezekani na mimi sikushauri hivyo. Nakushauri ushone vipande viwili. Usishone gauni. Shona sketi na blauzi, ukumbini zitaonekana gauni moja, na Jumatatu zinaachana: sketi inakwenda na shati jeupe, blauzi inakwenda na suruali ya bluu.

Kitenge kina upana wa inchi 44 hadi 46. Yadi 4 zinamtosha mwanamke wa umbo la kati kupata sketi ya kuvuka goti na blauzi ya mikono, na bado kikabaki kipande cha kilemba. Mwambie fundi mambo haya kabla hajashika mkasi:

Sketi iwe na kiuno cha bapa mbele na lastiki nyuma. Mbele itaonekana nadhifu ukichomekea shati, nyuma itakufuata ukinenepa au kupungua. Blauzi iishie kwenye nyonga bila marinda ya kiunoni, maana marinda hayo ndiyo yanayoizuia kuvaliwa na suruali au chini ya blezaa. Mikono iwe ya kawaida. Mikono mikubwa yenye gamu ndani (kile kitambaa kigumu cha kuisimamisha) inapendeza siku ya shughuli, lakini hakuna koti litakaloifunika. Ukiitaka, fundi aiunge kwa mshono mmoja mwepesi, baada ya sherehe aitoe.

Magauni yaliyokwishashonwa nayo yana tiba. Kati ya zile 11 za mama mwalimu lilikuwemo gauni la zambarau, mabega yamesimama kama sahani, zipu ya mgongoni ngumu kwa upya. Nililigeuza ndani nje nikatafuta mshono wa kiuno. Nikapitisha wembe uzi kwa uzi, taratibu, nikizunguka kutoka zipu hadi zipu, mpaka sehemu ya chini ikaanguka mapajani mwangu ikiwa sketi kamili yenye bitana yake. Nikaiwekea mkanda wa kiuno kutoka kwenye vipande vya mikono, nikafupisha zipu. Kazi ya saa moja na nusu. Akaivaa palepale na shati lake la samawati, akajigeuza mbele ya kioo, akaniuliza kama ni ileile.

Sare 11 zilitoa sketi 4 za kuvaliwa, blauzi 2, na vilemba. Nyingine tulizigawa.

Kanga usiisahau. Doti moja ni vipande viwili, na msibani hakuna kinachoheshimika kama kanga juu ya gauni la rangi moja. Ukichagua yenye rangi zako za msingi, kipande kimoja kinakuwa mtandio wa safarini.

Hatua ya 6: Kwenda sokoni

Mitumba ni Mlango Mmoja. Vitenge na vitambaa zungukia Makoroboi na maduka ya mjini. Nenda asubuhi siku ya mabelo kufunguliwa (muulize muuzaji wako, anaijua), ukiwa na futi ya kupimia, karatasi yenye vipimo vyako, na nguo moja ya rangi ya msingi mfukoni. Hiyo ya mwisho ni muhimu. Bluu uliyoikumbuka kichwani na bluu iliyoko mkononi si moja, na kwenye kivuli cha turubai kila kitu kinafanana.

Wenyewe wanaita sagula sagula, neno la Kisukuma, chagua chagua. Basi chagua kweli. Ukishika nguo usitazame mbele, anza na mahali inapofia: kwapani, kwenye kola, katikati ya mapaja ya suruali, makalioni. Inyanyue uone mwanga. Kitambaa kilichochoka kinaonyesha vidole vyako. Vuta zipu juu na chini mara tatu. Geuza ndani uone ukingo wa mshono: ukiwa nusu inchi au zaidi, fundi ataweza kuiongeza. Suruali huwezi kuijaribu? Ifunge vifungo, uuzungushe mkanda wake ukiwa umekunjwa shingoni. Ncha zikikutana nyuma bila kuvuta, kiuno kitakaa.

Kitambaa kijue kwa mkono. Kikunje kwenye ngumi uhesabu hadi 10. Pamba na kitani vitatoka na mikunjo, poliesta itatoka kama ilivyoingia. Nyumbani chomoa uzi mmoja uuwashe: pamba inanuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini, poliesta inayeyuka ikawa kijipunje kigumu. Poliesta ina kazi yake, sketi isiyokunjamana kwenye daladala kwa mfano, lakini shati la kukaa karibu na kwapa liwe pamba. Inanisikitisha kwamba Kanda hii ndiyo inayolima pamba nyingi kuliko sehemu nyingine ya nchi, na bado watoto wetu wanatokwa na vipele vya poliesta.

Bei ipime kwa mara utakazovaa. Shati la 12,000 ukilivaa mara 60 limekugharimu shilingi 200 kila mara. Gauni la 80,000 ukilivaa mara mbili, kila mara umelipa 40,000. Swali la kumaliza, ukiwa umeshika nguo na muuzaji anakuita mtoto mzuri: nitaivaa na zipi 3 nilizonazo? Usipozitaja kwa jina, irudishe kwenye fungu.

Hatua ya 7: Kwa fundi

Loweka kitenge usiku mzima kwenye maji baridi kabla ya kukileta. Niliwahi kukata sketi ya mteja bila kuuliza kama kitambaa kimelowekwa. Akaifua mara moja, ikapanda upana wa vidole viwili, akaishika mbele yangu bila kusema neno. Nilimlipa kitambaa, na tangu hapo siulizi, naloweka mwenyewe. Kuloweka kunatoa pia rangi iliyozidi. Chumvi wanayoisema watu haishiki rangi za viwandani, okoa chumvi yako.

Omba inchi 1 ya akiba kila upande na pindo la inchi 2. Omba mifuko. Ukipimwa vaa sidiria na viatu utakavyovitumia. Na kwenye kujaribu usisimame tu kama sanamu: kaa, chuchumaa, nyanyua mikono kana kwamba unashika bomba la daladala, panua hatua kama unapanda bodaboda. Kama sketi inagoma, mpasuo wa nyuma uongezwe palepale.

Hatua ya 8: Patanisha kabla ya wiki kuanza

Jumapili jioni weka nguo za chini 4 kitandani, pitisha kila ya juu juu yake, na pale zinapokubaliana piga picha kwa simu. Zihifadhi kwenye albamu moja. Asubuhi umeme ukiwa umekatika, unafungua simu unachagua. Nguo ambayo baada ya miezi mitatu haimo kwenye picha yoyote, umeshajua.

Hatua ya 9: Zitunze, kwa sababu ni chache

Nguo 15 zinafuliwa mara nyingi kuliko 41. Zifue zikiwa zimegeuzwa ndani nje na uzianike kivulini. Jua la hapa, karibu na Ikweta, linaipausha bluu kwa mwezi mmoja. Za Mwaloni zioshe beseni lake, harufu ya dagaa inahama.

Wanaokaa ufukweni, Kirumba hadi Igombe, mnawajua wale wadudu wa ziwani wanaonyanyuka kama moshi juu ya maji. Ukiona wingu hilo linakuja upande wako, anua nguo nyeupe haraka. Wakikuwahi usiwafute kwa mkono, watapondeka na kuacha doa. Acha nguo ikauke kabisa, kisha ikung'ute.

Pasi ya mkaa ipulizie majivu nje kwanza, na nguo iliyokolea rangi iweke kitambaa kibichi juu yake, la sivyo itang'aa makalioni na magotini. Kitenge kinyooshwe upande wa ndani. Kabatini weka majani makavu ya mwarobaini.

Mama mwalimu mwishoni alinunua vitu viwili tu: suruali ya bluu na shati la maziwa. Mwezi uliofuata alikwenda Nansio siku nne, siku mbili semina na mbili kwa wifi yake, na mfuko wake kwenye meli ulikuwa mdogo kiasi cha kupakatwa: suruali ya bluu, sketi ya zambarau, mashati mawili, tisheti, kadigani ya baridi ya ziwani, na kanga doti moja. Tisheti alirudi nayo ikiwa bado imekunjwa.